"Yeye" ni nani? Nilivyomgeuza binti wa watu kuwa mwanaume kwa kurasa tatu

Kalamu ya Makole (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aupitie kesho akiwa ametulia.

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka hapa Dodoma. Tangu Serikali ihamie huku kazi zimeongezeka: hukumu, mikataba ya viwanja, barua za watendaji, barua za shule. Miezi michache iliyopita alikuja mama mmoja kutoka Bahi na bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na barua ya mkuu wa shule, kurasa tatu, ya kumdhamini mwanafunzi aliyeomba nafasi ya kusoma nje. Ilikuwa barua nzuri, ya mwalimu anayempenda mwanafunzi wake. Inasema anaongoza darasa kwa hisabati na fizikia. Inasema redio ya shule ilipokufa ndiye aliyeifungua na kuichomelea waya mpaka ikaongea tena. Inasema alikuwa nahodha wa timu ya mpira wa miguu. Jina lake ni katika yale majina yasiyochagua, kama Tumaini, Riziki au Baraka. Nikaketi, nikatafsiri, he, his, him, mpaka nukta ya mwisho. Mama akalipa, akaenda zake stendi.

Baada ya wiki tatu akarudi. Hakugomba. Aliweka karatasi mezani taratibu, akazinyoosha kwa kiganja, akasema: "Mwanangu, mbona binti yangu umemfanya mwanaume?" Chuo kimeona pasipoti inasema mwanamke, barua inasema mwanaume, kikasimamisha maombi mpaka wapate maelezo. Dirisha lilikuwa linafungwa baada ya siku tisa. Nilitafsiri upya usiku uleule, nikaambatanisha barua ya kukiri kuwa kosa ni langu, wala shule haihusiki.

Nilihesabu baadaye. Nilikuwa nimemwita mwanaume mara 31.

Kinachoniuma si kuteleza kwa kalamu. Nimeisoma ile barua ya Kiswahili mstari kwa mstari nikitafuta mahali iliposema ni mvulana. Hapapo. "Anaongoza", "aliifungua", "alikuwa nahodha". Ile "a-" haisemi kitu. Mvulana nilimleta mimi, nikamtoa kwenye hisabati, kwenye waya na kwenye mpira. Angekuwa anasifiwa kwa kupika na kulea wadogo zake, nina hakika ningeandika she bila kusita, na huenda nako ningekosea.

Huku kwetu mazao yakisafiri yanapita geti la ushuru. Geti moja wanakuuliza magunia, jingine wanataka kibali. Mimi naona kila lugha ina geti lake. Kiswahili kinakuruhusu kupita na "yeye" bila kuuliza kama ni wa kike au wa kiume. Kiingereza kinakusimamisha palepale: lipa kwanza, ni he au she? Huna jibu? Hupiti. Na mtafsiri aliyechoka, saa nne usiku, anatunga jibu ili apite.

Sasa nawauliza wenye lugha zenu: kwenu geti liko wapi? Nataka kujua kwa dhati, maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Ostadhi wa Chang'ombe

Ahsante kwa uzi wenye faida. Kiarabu geti lake ni kali kuliko la Kiingereza. Yeye mwanaume ni huwa, yeye mwanamke ni hiya. Kitenzi nacho hakipoi: kataba, ameandika mwanaume, katabat, ameandika mwanamke. Hata ukimsemesha mtu ana kwa ana, mwanaume ni anta, mwanamke ni anti. Mahali pamoja panapopumzisha ni wakiwa wawili. Huma ni "wao wawili", wawe wanaume au wanawake.

Jambo la kutafakari ni hili. Kiswahili kimechota maneno mengi sana ya Kiarabu, lakini hili la jinsia kimeliacha ufukweni. Mwalimu ametoka kwenye muallim. Waarabu wanaye na muallima, mwalimu wa kike. Sisi tumemchukua mmoja tu, tukamtia kwenye ngeli ya A-WA pamoja na mtu na mtoto, akatumika kwa wote. Kitabu tukakifanyia hivyohivyo: tulipoona kinaanza na ki- tukasema wingi wake vitabu, kama kiti na viti, ingawa kwa Kiarabu wingi ni kutub. Lugha inapokea mgeni, kisha inamvisha nguo za nyumbani.

Mzalendo Halisi

Kaka Kalamu, umegusa penyewe. Hii ni ithibati kwamba sisi Wabantu tangu asili hatukuwa na ubaguzi wa mke na mume. Lugha yetu haina he wala she kwa sababu mtu alikuwa mtu. Ubaguzi umekuja na meli.

Kalamu ya Makole

Mzalendo, natamani iwe hivyo, ila siwezi kukubali. Kifini kina neno moja tu, hän, kwa wote, na Finland wanawake walipata haki ya kupiga kura na kugombea mwaka 1906, mapema kuliko karibu nchi zote za dunia. Ungesema neno limefanya kazi. Lakini Kituruki kina o, neno moja kwa wote, Kihangari kina ő, Kiajemi cha Irani kina u. Hebu linganisha maisha ya wanawake Finland na Irani, halafu uniambie kiwakilishi kimesaidia nini.

Na tusiende mbali. Bibi yangu mzaa baba alikuwa Mgogo wa Mvumi. Hakuwahi katika maisha yake kutumia neno linalotenganisha "yeye" wa kike na wa kiume. Ng'ombe lakini walirithiwa na wanaume, na wanawake waliolewa kwa ng'ombe. Lugha haikuuliza jinsia getini kwa sababu jinsia ilikuwa imeshaulizwa zizini. Nasema kwa heshima, maana najua unapenda lugha yetu. Nami naipenda, ila sitaki tuisifie kwa kazi isiyoifanya.

Mtu wa Mbulu

Nimesoma yote, sasa zamu yangu. Mimi ni Mwiraqw, niko Dodoma kikazi.

Nyote mnadhani geti liko kwa "yeye". Kwetu liko kwa "wewe". Nikizungumza na mwanaume namwita kuung. Nikizungumza na mwanamke ni kiing. "Wewe" ya jumla ya mtu mmoja haipo. Ajabu ni kwamba nikija kwa "yeye", neno linakuwa moja, inós, kwa wote. Tofauti itajitokeza kwenye kitenzi, lakini neno lenyewe halichagui. Yaani aliyepo mbele ya macho yangu ndiye ninayelazimika kumtaja jinsia, ilhali namwona!

Ndiyo maana tangu jana kuna jambo linanisumbua. Nilitaka kukuandikia pongezi kwa lugha yangu, Kalamu, nikakwama neno la kwanza kabisa. Sijui nianze na kuung au kiing. Kwa Kiswahili nakuita "mkuu" na maisha yanaendelea. Je, wewe ni nani?

Kondoa Irangi

Mtu wa Mbulu umenifurahisha. Wakuu, tumekaa juu ya hazina na hatujui. Dunia nzima ni shida kupata mahali ambapo familia kuu za lugha za Afrika zimesogeleana kama huku katikati ya Tanzania. Kibantu: Kigogo, Kirangi. Kikushi: Kiiraqw, na huku kwetu Kondoa na Chemba Kialagwa na Kiburunge. Kinailoti: Kimasai na Kidatooga. Halafu wenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi mdomoni, Wasandawe wa Chemba na Wahadzabe wa bonde la Eyasi, ambao wengi walizoea kuwaweka kapu moja kwa sababu ya vidoko, lakini lugha zao hazijathibitishwa kuwa ndugu.

Mimi mama yangu ni Msandawe wa Kwa Mtoro. Kisandawe kinatenganisha: hewe ni yeye wa kiume, hesu ni yeye wa kike, heso ni wao. Nilikua nyumba yenye lugha tatu. Baba akisema kwa Kirangi kwamba "amekuja", tunauliza nani. Mama akisema kwa lugha yake, nusu ya swali imeshajibiwa.

Kwa hiyo Mzalendo, huwezi kusema he na she zimekuja na meli. Wasandawe hawakusubiri meli.

Na Ostadhi, kuna kitu utakipenda. Kiiraqw na Kiarabu wana babu mmoja wa mbali sana. Kikushi na Kisemiti ni matawi ya familia moja kubwa, pamoja na Kihausa, Kiamhari na Kisomali. Hiyo anta na anti yako, tazama Kiamhari: anta na anchi. Kihausa: kai kwa mwanaume, ke kwa mwanamke. Sasa weka kuung na kiing pembeni yao. Geti la "wewe" ni la ukoo.

Ostadhi wa Chang'ombe

Subhanallah. Miaka yote napanda basi na Wairaqw, sikujua nimekaa na binamu.

Kiteto Boma

Mimi ni Mmasai, nachangia kidogo. Kwetu yeye ni ninye, mwanaume au mwanamke sawa. Lakini jina la kila kitu lina jinsia kichwani. Ol- ni ya kiume, en- ni ya kike. Mlima ni oldoinyo, wa kiume. Maji ni enkare, ya kike. Ile ol- hubeba pia ukubwa na nguvu, na en- udogo. Kwa hiyo mtu hana jinsia kwenye kiwakilishi ila mlima unayo.

Kalamu ya Makole

Huu uzi umenizidi kimo, nawashukuru. Kiteto, umenikumbusha kwamba Kiswahili nacho kina geti lake, ila kinauliza kitu kingine. Tazama: kiti kimeanguka, lakini kiboko ameanguka. Yote yanaanza na ki-. Kwa nini kiboko hapati "kimeanguka"? Kwa sababu yu hai. Kipofu, kijana, kifaru, nyuki, wote tunawahamishia upatanisho wa A-WA kwa kuwa wana uhai. Mgeni anayejifunza Kiswahili anapata tabu hapo kama sisi tunavyopata tabu na he na she. Kisha tazama maiti. Mmoja anasema "maiti imeletwa", mwingine "maiti ameletwa", na ukisikiliza vizuri msibani utasikia mtu yuleyule akihama kutoka moja kwenda nyingine ndani ya nusu saa. Lugha inauliza kama bado ni mtu, na mfiwa hajawa tayari kujibu.

Mtu wa Mbulu, swali lako nimeliona. Nitalijibu, nipe muda.

Chaki Kongwa

Mzee Kalamu, mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari. Ulichokiandika mimi nakiona kila siku upande wa pili. Wiki iliyopita msichana wa kidato cha kwanza alisimama, akasoma insha yake kwa sauti: "My mother, he is a farmer. He wakes up very early." Darasa likaangua kicheko. Yule mtoto akakaa, akaficha uso kwenye daftari. Si kwamba hajui mama yake ni mwanamke. Tangu azaliwe hajawahi kudaiwa kulitaja hilo kila anapofungua mdomo.

Zamani nilikuwa nakemea kosa hili kama uzembe. Nimeacha. Sasa somo la kwanza nalifundisha kwa Kiswahili: nawaeleza kwamba Kiingereza kinataka kujua hili kabla ya jambo lolote, kama mzee anayetaka shikamoo kwanza ndipo akusikilize. Wakielewa sababu, makosa yanapungua. Hayaishi, yanapungua.

Hapo bado hawajafika kwenye Kifaransa. Kiingereza his na her hufuata mwenye mali. Kifaransa son na sa hufuata mali yenyewe: sa voiture ni gari lake, sa ni ya kike kwa sababu gari ni la kike, hata mwenye gari akiwa mwanaume mwenye ndevu. Na kundi la wanawake ni elles, lakini akiingia mwanaume mmoja tu, kanuni inawageuza wote kuwa ils.

Mpita Njia

Niongeze la Wachina, maana nilisoma huko. Ukisikiliza, yeye ni tā, kwa mwanamume, mwanamke, hata kitu. Masikio hayapati tofauti. Ukiandika ndipo geti linapofungwa: tā wa kiume anaandikwa na alama ya mtu, tā wa kike na alama ya mwanamke. Na hilo la pili ni la juzi. Zamani alama moja ilitosha. Wakati wanatafsiri vitabu vya Ulaya waliona shida ya she, na msomi Liu Bannong akaipigia debe ile herufi ya kike miaka ya 1910 kuelekea 1920. Yaani walijenga geti kwa sababu ya tafsiri.

Wengine wanabomoa. Waswidi wana han na hon, wakaongeza hen isiyochagua, ikaingia kwenye orodha ya maneno ya Akademia yao mwaka 2015. Waingereza wanatumia they kwa mtu mmoja asiyejulikana jinsia tangu karne ya 14, na mwaka 2019 kamusi ya Merriam-Webster ililitangaza kuwa neno la mwaka. Kalamu, kwa nini ile barua hukuiandika kwa they?

Kalamu ya Makole

Mpita Njia, nimejiuliza hivyohivyo. They ingenisitiri kwa sentensi moja au mbili. Kwa kurasa tatu za barua ya kumdhamini mtu anayefahamika, ingeonekana kana kwamba mkuu wa shule hamjui mwanafunzi wake. Palikuwa na njia fupi kuliko zote, nayo ni kupiga simu. Namba ya mama ilikuwa imeandikwa kwenye bahasha kwa kalamu nyekundu.

Na kuna mahali ambapo kukisia ni hatari kuliko barua ya shule. Kwa miaka mingi shahidi mahakamani alisema kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kumbukumbu kwa Kiingereza. Shahidi anasema: "Shemeji aliniambia shamba litabaki kwa mtoto." Maneno sita. Shemeji ni nani, kaka wa mume, au dada wa mke? Mtoto ni wa kike au wa kiume? Kiswahili hakijasema, na kumbukumbu ya Kiingereza haiwezi kukaa kimya. Kila he iliyoandikwa pale ni uamuzi wa mtu fulani, na anayesoma rufaa baadaye hajui kama ulitoka kwa shahidi au kwa mwandishi. Ndiyo maana mabadiliko ya 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama mimi niliyapokea kwa furaha. Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ina kifungu cha kutukumbusha kwamba maneno ya kiume humhusu na mwanamke. Kwa "yeye" ukumbusho huo hauna kazi.

Chuo Hadi Lini

Niko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nimefanya jaribio sasa hivi kwenye programu ya kutafsiri ya simu. "Yeye ni muuguzi", ikaleta she. "Yeye ni mhandisi", ikaleta he. "Yeye ni hodari wa hisabati", he. Sawasawa na ulivyofanya wewe. Mashine imesoma mamilioni ya kurasa ambamo wahandisi ni he, ikajifunza kukisia. Mwaka 2018 Google walianza kuonyesha tafsiri mbili kwa Kituruki, ya kike na ya kiume, mtumiaji achague mwenyewe. Nadhani hilo ndilo jibu la uaminifu.

Mzalendo Halisi

Kaka Kalamu, nimesoma hoja zenu na nimerudi nyuma kidogo. La Wasandawe limenishinda. Lakini bado nasema raha ya Kiswahili ni hiyo, kwamba naweza kukusikiliza hoja yako kabla sijajua wewe ni nani.

Kalamu ya Makole

Mzalendo, hilo nakubaliana nawe kabisa, na ndilo lililonichelewesha kumjibu ndugu yetu wa Mbulu. Siku mbili hizi nimefurahia kuwa "mkuu" tu.

Mtu wa Mbulu, mimi ni mwanamke. Sikuficha, Kiswahili hakikuniuliza. Mzalendo umeniita kaka mara mbili na Chaki umeniita mzee, na sina kinyongo hata chembe. Mmefanya mara tatu kile nilichomfanyia binti wa Bahi mara 31, na mlikifanya kwa sababu ileile: mmeona mtu anabishana habari za sheria na lugha, picha ikaja yenyewe.

Siku hizi kabla sijaanza kazi nina karatasi ya maswali. Swali la kwanza: kila mtu anayetajwa humu, ni wa kike au wa kiume, na nani kakwambia? Wateja wengine wanaona ni usumbufu. Nawauliza hivyohivyo.

Chaki Kongwa

Samahani sana dada. Kesho darasani naanza na huu uzi.

Mtu wa Mbulu

Basi sasa naweza kusema: kiing. Sentensi iliyobaki nitakutumia nikishaipanga vizuri. Na yule binti, imekuwaje?

Kalamu ya Makole

Nafasi amepewa. Bado kuna barua ya mtendaji wa kijiji na maelezo ya mdhamini, yote ya Kiswahili. Nayatafsiri kesho asubuhi, mama yake atakuja na basi la kwanza, nimemwekea kiti pembeni ya meza.